Kiazi kitamu hakistahili kufichwa chini ya dawati

ASUBUHI moja, miaka kadhaa iliyopita, nilibaki darasani wakati wa mapumziko ya saa nne ili nimalize kusahihisha insha. Nilidhani ni peke yangu. Kumbe kwenye dawati la nyuma kabisa alikuwapo mvulana mmoja, ameinama hata kichwa kinakaribia kugusa magoti, anatafuna kitu upesi upesi mithili ya mtu alaye cha wizi. Nilipomkaribia alikisukuma kile kitu chini ya dawati. Kilikuwa kiazi kitamu kilichochemshwa na ganda lake, kingali na ujoto ndani ya kitambaa alichofungiwa na mamake. Nikamwuliza sababu ya kujificha. Akajibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wenzangu wananicheka. Wanasema hiki ni chakula cha watu wa mashambani."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Ukweli ni kwamba asubuhi iyo hiyo nilikuwa nimeacha nyumbani sufuria ya mihogo, nikapitia dukani kununua mkate mweupe, kwa kuwa sikutaka wenzangu wanione nikila mhogo katika chumba cha walimu. Mvulana yule alijifunza haya hiyo kutoka mahali fulani, na sina shaka kwamba sisi walimu wake tulikuwa miongoni mwa waliomfunza.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mjadala uzukao takriban kila muhula katika mikutano ya wazazi na walimu: mtoto ale nini kati ya staftahi na chamcha, na ni nani amwuzie? Mjadala wenyewe huendeshwa kwa ukali ambao sijauona hata pale yanapojadiliwa matokeo ya mitihani. Mzazi mmoja hutaka wachuuzi wote wafukuzwe langoni. Mwingine hudai mandazi yana mafuta mno. Wa tatu amesoma kwenye simu yake kwamba sima ni sumu na sukari ni mauti, na sasa anataka shule nzima ile kama alavyo yeye. Aghalabu hakuna amwulizaye mtoto iwapo ana njaa.

Lugha yetu haikukionea haya chakula kidogo. Wanafunzi wetu hukariri maneno asusa, kumbwe na kitafunio, na anayeyajua hupata alama yake katika karatasi ya mtihani. Pwani, ambako maneno hayo yana wenyewe, mambo ni wazi zaidi. Mtu akiamka mapema Mombasa atakuta mahamri yaliyokandwa kwa tui na iliki yakifura ndani ya karai, na pembeni sufuria ya mbaazi za nazi. Jioni huja zamu ya viazi vya karai vyenye rangi ya manjano, bajia, na mhogo wa kukaanga uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu. Mwenye gari na mchukuzi wa bandarini hununua kutoka karai moja, wakasimama ubavu kwa ubavu, wakala, wakafuta vidole, kila mmoja akashika njia yake. Hakuna ahesabuye tonge wala aombaye radhi kwa kula. Sisi wa bara tuna muhindi wa kuchoma, njugu na nduma, lakini tumejizoesha kuvigawa vyakula hivyo kwa tabaka: hiki cha mjini, hiki cha mashambani, hiki cha mgeni, hiki cha mtoto wa bawabu.

Chukua mfano wa githeri. Kamusi hukiita chakula hicho pure, na jirani zetu wa Tanzania hukiita makande. Wajaluo wana nyoyo yao, nao Wakamba hukoboa mahindi yao wakapata muthokoi. Mnamo Agosti 8, 2017, siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura mmoja jijini Nairobi alipigwa picha akiwa kwenye foleni, anakula githeri kutoka mfuko wa plastiki bila wasiwasi wowote. Picha ile ilienea nchi nzima kwa muda wa saa chache. Watu walicheka, naam, lakini kilikuwa kicheko cha kujitambua, kwa maana kila mmoja alijiona pale. Kabla ya mwaka kwisha mtu yule alikuwa ametunukiwa nishani ya serikali. Mfuko aliolia ulipigwa marufuku siku ishirini baadaye, Agosti 28, pamoja na mifuko mingine yote ya aina yake. Githeri haikupigwa marufuku. Walakini hata baada ya nishani, nimewasikia wanafunzi wa bweni wakiililia kama wafungwa.

Nakubali, githeri ya shule nyingine inastahili kililio. Maharagwe yasiyoiva, mahindi magumu kama kokoto, na maji ya chumvi juu yake. Hapo anayelaumiwa awe mpishi na bajeti ya kuni, si chakula. Mwalimu wa sayansi anajua kwamba mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana laisini kwa wingi, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiunganishwa katika sufuria moja kila kimoja hukamilisha pengo la mwenzake. Nyanya zetu hawakuwa na maabara, na bado walikuwa wakivipika pamoja. Sasa tuna somo zima liitwalo Kilimo na Lishe katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi anachora jedwali la virutubishi kwa penseli za rangi, halafu kengele inalia naye anaona aibu kufungua kikopo chake.

Nacho kiazi kitamu cha yule mvulana? Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low wa Marekani, waliipata kwa kazi yao ya kukuza na kueneza kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa katika nchi za Afrika. Rangi ile ndiyo dalili ya kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na ukosefu wa vitamini hiyo huwapofusha watoto. Hicho ndicho chakula tunachokificha chini ya dawati. Laiti ningalikuwa na habari hiyo siku ile!

Turudi langoni. Wanaotaka wachuuzi waondolewe wana hoja, na si haki kuwadharau. Kipindupindu na homa ya matumbo si hadithi za kuwatisha watoto. Huletwa na maji machafu na mikono isiyooshwa, na mandazi yaliyoachwa wazi kando ya barabara ya vumbi hukusanya kila kitu. Sheria yenyewe inamtaka kila ashikaye chakula cha kuuzwa apimwe afya na kupewa cheti. Basi atakiwe kuwa nacho. Atakiwe pia kuwa na kifuniko, na koleo la kushikia badala ya vidole, na ndoo yenye bomba na sabuni kando yake. Haya yote hayazidi uwezo wa shule yenye kamati.

Nisichokikubali ni imani kwamba chochote kilichofungwa ndani ya karatasi ya kung'aa ni salama, na chochote kilichopikwa na mama wa kijijini ni hatari. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa unga wa mahindi wa aina tano kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Unga ule haukuwa wa kupimwa kwa kopo sokoni. Ulikuwa katika pakiti zilizochapwa vizuri, zenye nembo, kwenye rafu za maduka makubwa. Na msiba mkubwa wa sumu iyo hiyo uliotokea Ukambani mwaka 2004, ambapo watu 125 walifariki, ulitokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa maneno mengine, swali la kuuliza ni jinsi chakula kilivyotunzwa na kupikwa. Hadhi yake haina la kutwambia.

Yako mengine ya kusifiwa. Wasomaji wa rika langu wangali wanayakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza mwaka 1979, pakiti zile za pembetatu tulizozitoboa kwa meno na kuzipuliza zikapasuka kwa kishindo baada ya kwisha. Tulikwenda shule siku ya maziwa hata kama mvua inanyesha. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililisha shule za sehemu kame kwa miongo kadhaa, hadi lilipoikabidhi serikali kazi hiyo yote mwaka 2018. Huko Nairobi, tangu mwaka 2023, mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi tano kwa bangili ya kielektroniki aliyoivaa mkononi, akapata sahani ya chakula cha moto kilichopikwa katika jiko kuu. Sahani hiyo haina makeke yoyote: wali, maharagwe au ndengu, mboga. Mtoto hula, huenda kucheza, hurudi darasani akiwa macho. Sijamsikia mwalimu yeyote akilalamika kwamba wanafunzi walioshiba wamemshinda kuwafunza.

Lakini jiko kuu halijafika kila mahali, na mahali pengi kilichopo kati ya alfajiri na adhuhuri ni ile mandazi ya shilingi kumi.

Na mwalimu naye? Nawajua vijana waliohitimu juzi wakapelekwa shule za mbali, wanaishi chumba kimoja na jiko la mafuta ya taa, na kila jioni hujihukumu kwa kutopika "chakula kamili". Wameona picha za sahani zilizopambwa, wakaamini kwamba mlo usio wa namna hiyo si mlo. Matokeo yake hulala na chai ya mkandaa na hasira. Mwalimu mwenzangu, vunja mayai mawili juu ya nyanya na kitunguu, songa sima ndogo, basi. Au chukua chapati moja ya jana, ipashe moto kwenye kikaango kikavu, uile kwa maharagwe yaliyobaki. Omena waliooshwa vyema na kukaangwa pamoja na nyanya huiva kabla hujamaliza kusahihisha vitabu kumi. Ndizi mbili na njugu kiganja kimoja zitakufikisha hata saa nane. Mimi hula hivyo siku tatu kwa juma, na sijaona kwamba cheo changu kimepungua. Siku nyingine hula mhogo, japo nawaonya wasioujua kwamba ule mchungu hauchemshwi tu ukaliwa. Muulize mwenyeji kwanza.

Baada ya siku ile ya kiazi nilibeba mihogo yangu hadi shuleni. Nilikaa kwenye ngazi za nje ya chumba cha walimu, mahali ambapo wanafunzi hupita, nikala bila kujificha. Mwenzangu mmoja alinitania kwamba mshahara umechelewa. Wa pili aliomba kipande. Kufikia Ijumaa tulikuwa wanne kwenye ngazi zile, na mmoja wetu alileta chumvi na pilipili ndani ya karatasi. Siwezi kudai kwamba mvulana yule aliacha kujificha kwa sababu yangu, ila namkumbuka akipita pale, akatutazama, akaenda zake akicheka.

Yanayonifanya niandike leo ni mengine. Katika shule moja ninayoifahamu, ambayo sitaitaja, palikuwa na mama aliyeuza mandazi, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu ndani ya lango, kwenye kivuli cha mti, kwa zaidi ya miaka kumi. Ndoo yake ilikuwa na kifuniko, mikono yake ilikuwa safi, na alikuwa akiwakopesha watoto wasio na kitu hadi mwisho wa juma. Kamati mpya ikaamua kwamba anaiharibia shule sura. Sasa pale mtini pana kibanda kilichopakwa rangi, kinauza viazi vya pakiti na soda kwa bei ya mandazi matatu au manne. Mama mwenyewe hakuenda mbali. Alihamia upande wa pili wa barabara, nao wanafunzi, hasa wale wadogo wenye shilingi kumi mkononi, wanamfuata huko kila mapumziko.

Walimu wakuu na kamati watakapoketi muhula huu kupanga kanuni zao, naomba wasimame kwanza langoni kengele ya saa nne ikilia. Barabara ile hutumiwa na malori ya machimbo ya mawe, wala haina matuta.