UCHAMBUZI: Gari la familia changa lichaguliwe kuanzia kiti cha nyuma

KILA mwaka mpya unapoingia, orodha ya magari yaliyotumika yanayoweza kuagizwa kutoka ng'ambo husogea mbele kwa mwaka mmoja. Kanuni inayosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), chini ya kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000, hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa sababu hiyo, tangu Januari 1, 2026, gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza kabla ya 2019 halina ruhusa ya kuingizwa nchini.

Kwa familia changa ya Nakuru, yenye mishahara miwili ya wastani, mtoto mmoja anayetambaa na mwingine njiani, kanuni hiyo ina pande mbili. Gari linaloagizwa ni jipya kiasi na lina vifaa bora vya usalama, ila bei yake ni kubwa. Lililo nafuu ni lile ambalo limezunguka humu nchini kwa miaka kumi au zaidi, likapitia mikononi mwa wenyewe wawili au watatu. Hapo ndipo wengi hukosea.

Wanunuzi wengi huuliza maswali mawili tu: linauzwa pesa ngapi, na linakunywa mafuta kiasi gani? Swali la tatu, yaani mtoto ataketi wapi na atashikiliwa na nini gari likigonga, huahirishwa hadi siku ya safari. Swali hilo ndilo linalostahili kutangulia.

Sababu ya kwanza ni barabara zenyewe. Njia kuu ya kutoka Nairobi kuelekea magharibi hupitia Naivasha, Gilgil, Kikopey, Nakuru, Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, na majina kadhaa kati ya hayo yamekuwa sawa na matanga. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki basi na lori zilipogongana ana kwa ana eneo la Migaa, karibu na Salgaa. Ni kweli kwamba upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Hata hivyo, familia haiwezi kuahirisha safari za kliniki, kanisani na kwa nyanya hadi lami mpya ikamilike.

Sababu ya pili ni mwinuko. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda kuelekea Mau Summit na Timboroa huvuka mita 2,500. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini isiyo na turbo kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Injini ya 660cc inayomtosha mwalimu wa kutoka Section 58 kwenda shuleni mjini hulemewa inapobebeshwa watu watano na mizigo. Dereva hukanyaga hadi mwisho, na mafuta aliyotarajia kuokoa yakateketea. Kibaya zaidi, hukaa muda mrefu mno katika upande usio wake anapojaribu kulipita trela.

Wala si lazima kukimbilia injini kubwa. Magari ya kati ya 1,300cc na 1,500cc yanatosha familia ya watu wanne au watano katika eneo hili. Yanayozidi 1,500cc hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya asilimia 20. Mazda Demio, Honda Fit na Toyota Vitz zenye injini za ukubwa huo, au Toyota Fielder kwa anayehitaji buti kubwa, yanafahamika kwa mafundi wetu na vipuri vyake havitafutwi kwa tochi.

Hesabu ya mafuta nayo ifanywe kwa kalamu. Tuseme familia husafiri kilomita 1,000 kwa mwezi na lita moja ya petroli ni Sh180. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia karibu Sh12,000, ilhali linalokwenda kilomita 10 litatumia Sh18,000. Tofauti ni Sh72,000 kwa mwaka. Waliokuwa na magari Septemba 2023, petroli ilipovuka Sh200 kwa mara ya kwanza, wanajua jinsi pengo hilo linavyoweza kutanuka. Lakini takwimu zinazochapishwa Japani hupimwa katika maabara, si katika mpando wa Sachangwan. Muulize mwenye gari kama hilo.

Magari yanayotumia petroli na betri, kama vile Toyota Aqua, huokoa zaidi katika msongamano wa mjini kuliko katika safari ndefu. Anayenunua lililozeeka apime betri kwanza, kwani gharama ya kuibadilisha yaweza kumeza akiba ya mafuta.

Kuna pia Probox, ambayo wakazi wengi wa Molo, Njoro na Olenguruone huiapia. Ni gari gumu na lisilo na makuu. Hata hivyo, liliundwa kwanza kwa ajili ya mizigo, na kiti chake cha nyuma katika matoleo mengi ni chembamba, kilichosimama wima. Kabla ya kulilipia, baba au mama aketi huko nyuma, avute kila mkanda na kuhakikisha unafunga.

Umri wa gari una uzito kwa sababu nyingine. Kati ya 2012 na 2014, Japani ililazimisha magari ya kawaida ya abiria kuwekewa mfumo wa kielektroniki unaozuia gari lisiserereke kwenye kona. Kwa hivyo, kati ya gari la 2010 na la 2015 ya modeli moja, tofauti ya bei haiwi ya rangi na redio tu.

Isitoshe, mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofilisika 2017, ilibainika kuwa hatari: baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, kilipuzi chake kinaweza kurusha vipande vya chuma. Takriban vilipuzi milioni 100 viliagizwa kurejeshwa kote duniani, vikiwemo vya baadhi ya matoleo ya Vitz na Fit. Namba ya chesisi hukaguliwa bila malipo kwenye tovuti za watengenezaji.

Mwisho ni bajeti. Mwenye Sh800,000 asinunue gari la Sh800,000. Atenge pesa za fundi wa kulikagua, bima, breki, tairi na kiti cha mtoto. Tairi huwa na tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Nazo rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zitaonyesha kama muuzaji ndiye mwenye gari.

Kiti cha mtoto si anasa. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Hakuna mama awezaye kumshika. Kiti hicho kifungwe nyuma. Kile kinachomgeuza mtoto kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Walisema hivyo kabla ya mkanda wa usalama. Afadhali gari la bei ya chini kidogo lenye breki na tairi nzuri na kiti cha mtoto, kuliko la kifahari ambalo mtoto hupakatwa ndani yake.