Chenji ya Rada

Mjomba, Mama Mdogo, na ndugu wote wa nyumbani,



Mjomba, ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la ukoo umezunguka mpaka umenifikia mara ya pili kutoka kwa watu nisiowafahamu. Ulisema hela ya boma la zahanati imeliwa, ukataja wanaodhaniwa kuila, kisha ukamalizia kwa hasira: afadhali hawa wangepelekwa London wakahukumiwe, maana huku kwetu fisadi anapandishwa cheo. Kundi zima likakuitikia. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikanyamaza. Sasa nakujibu, tena kwa barua ya wazi, kwa kuwa najua wengi nchini wanasema kama wewe.

London imeshatuhukumia kesi zetu, Mjomba. Tukumbushane zilivyokwenda.

Mwaka 2001 mzozo wa rada ulifika kileleni. Serikali yetu ya Tanzania ilikuwa inanunua rada kutoka kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28, fedha za mkopo kutoka Barclays. Mwaka huohuo tulikuwa tumepangiwa kusamehewa madeni kwa sababu ya umaskini. Benki ya Dunia na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walisema ni ghali mno na haifai vizuri kwa ndege za abiria. Hapa Uingereza Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wakati ule, alipinga mpaka ndani ya baraza la mawaziri. Tony Blair akaruhusu iuzwe.

SFO, ofisi inayochunguza makosa makubwa ya kifedha hapa, ilikuja kugundua kwamba zaidi ya dola milioni 12, karibu theluthi ya bei yote, zilikuwa zimepita kwa dalali mmoja wa Dar es Salaam kupitia kampuni zilizoandikishwa ng'ambo. Fikiria dalali wa nyumba Sinza anayedai theluthi ya bei ya nyumba. Mngemfukuza kwa fimbo.

Kesi ikafika mahakama ya Southwark Desemba 2010, na hapa naomba usome polepole. BAE haikushtakiwa kwa kutoa rushwa. Ilikiri kosa moja tu, la kutotunza kumbukumbu za hesabu inavyotakiwa. Jaji David Bean alionekana wazi kutoridhika. Alisema ni ujinga uliopitiliza kuamini kwamba dalali yule alikuwa mpiga debe tu aliyelipwa vizuri. Lakini jaji huhukumu shitaka lililoletwa mbele yake. Faini ikawa pauni 500,000, na gharama za kesi 225,000.

Kulikuwa na mtego mwingine. BAE ilikuwa imekubaliana na SFO kutoa pauni milioni 30 kwa ajili ya Watanzania, na faini ingekatwa humohumo. Maana yake, kila pauni ambayo jaji angeongeza kwenye faini ingetoka kwenye fungu letu. Jaji mwenyewe aliusema mtego huo. Akaweka faini ndogo, tukabakiwa na pauni milioni 29.5. Hela zilikuja kutoka mwaka 2012, baada ya vuta nikuvute ya nani azishike, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Ndiyo ile tuliyoiita chenji ya rada. Walioibatiza hivyo walikuwa wajanja kuliko wachambuzi wote, kwa sababu chenji hurudishwa kwa mtu aliyekwisha kulipa bei.

Na waliopokea mgawo huko nyumbani, kama walikuwepo? Hakuna aliyehukumiwa. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati rada inanunuliwa, alijiuzulu uwaziri baada ya kuandikwa kwamba alikuwa na zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwani Jersey. Mwenyewe akaziita vijisenti. Alikanusha kuwa zinahusiana na rada, hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo, na mimi si jaji. Ninachokumbuka ni sisi. Neno vijisenti likawa utani wa vijiweni, likaingia kwenye vikaragosi vya magazeti, tukacheka mpaka tukasahau tulikuwa tunauliza nini. Tuna kipaji hicho cha kugeuza hasira kuwa mzaha, na wezi wanakijua.

Tena usidhani London ilikuwa imeshikwa na uchungu wa haki. Desemba 2006 SFO hiyohiyo ilisimamisha uchunguzi wa BAE hiyohiyo kuhusu mauzo ya ndege za kivita kwa Saudi Arabia, na sababu iliyotolewa ikawa usalama wa taifa. Wenye mafuta walifungiwa faili. Sisi tukaletewa madawati.

Kesi ya pili naipenda zaidi, na sijui kwa nini nyumbani haisimuliwi inavyostahili. Mwaka 2012 na 2013 Serikali yetu ilitafuta mkopo wa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya hapa London na ndugu yake wa Dar es Salaam, Stanbic. Ada ya benki iliyokuwa inazungumzwa ilikuwa asilimia 1.4. Ghafla ikawa asilimia 2.4. Hiyo asilimia moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya Dar es Salaam iitwayo EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa ndiye mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Hakukuwa na ushahidi wowote kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi. Hela zilipoingia kwenye akaunti Machi 2013, sehemu kubwa ilitolewa kwa siku chache, taslimu.

Sasa jiulize nani alipiga kelele. Hakuwa mpelelezi wa Scotland Yard. Walikuwa wafanyakazi wa Stanbic ya kwetu, waliotazama milima ile ya noti ikitoka wakasema hapana, hii si biashara ya kawaida. Taarifa yao ikapanda ngazi mpaka makao makuu, benki ikajipeleka yenyewe SFO, na Novemba 2015 Jaji Brian Leveson akaidhinisha makubaliano ya kwanza ya aina yake katika historia ya Uingereza: benki haifungwi wala haihukumiwi, ila inalipa na inachungwa. Ililipa zaidi ya dola milioni 25 za faini na faida iliyopata, na juu yake Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba ya zaidi ya milioni moja.

Ndiyo kusema kesi hiyo ilianzia kwa watumishi wa benki Dar es Salaam waliokataa kugeuza uso. Sijui kama kuna mtu aliyewanunulia hata soda.

Huko kwetu baadhi ya waliotajwa walifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2016. Kwa kuwa shitaka la utakatishaji fedha lilikuwa halina dhamana, walikaa mahabusu miaka, mpaka kesi ikaja kuisha mwaka 2020 kwa makubaliano na upande wa mashtaka. Kuna walioshangilia kwa sababu tu mkubwa kalala gereza la Keko. Mimi sikushangilia. Mtu akikaa ndani miaka minne bila kesi kusikilizwa hadharani mpaka mwisho, sisi wenye hela tunakosa kujua nani alipokea nini kwenye zile noti. Siku mlango wa mahabusu unapofunguliwa kwa makubaliano, hadithi inafungwa humohumo.

Naona Mjomba unataka kuniambia: lakini huko kwenu angalau raia wenu wanapata haki. Wengine ndiyo, wengine wanazeeka wakiingoja. Posta ya hapa ilileta mfumo wa kompyuta uitwao Horizon mwaka 1999. Ukawa unaonyesha upungufu wa fedha usiokuwepo, na mawakala wa posta, watu wa madukani wanaouza stempu na kulipa pensheni za wazee, wakaambiwa ni wezi. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliojiua. Posta iliendelea kuapa kwamba kompyuta haina kosa.

Kilichowatoa hakikuwa wema wa Serikali. Mwaka 2009 wachache wao, wakiongozwa na Alan Bates, wakala aliyenyang'anywa posta yake huko Wales, walikutana kwenye ukumbi wa kijiji uitwao Fenny Compton. Kumbe kila mmoja alikuwa ameambiwa na Posta kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo! Walipolinganisha habari zao, uongo ule ukakosa pa kujificha. Bado ilichukua miaka kumi kushinda Mahakama Kuu, na mpaka Januari 2024, baada ya mchezo wa televisheni kuwaliza Waingereza sebuleni kwao, ndipo wanasiasa wakakimbilia kutunga sheria ya kufuta hukumu zile.

Nimekaa sana kwenye ukumbi ule wa Fenny Compton kwa sababu haupishani na ofisi yetu ya kijiji. Na nyumbani pia tumewahi kufanya kama wao. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge, chini ya Dk Harrison Mwakyembe, kuchimba mkataba wa umeme wa Richmond na kuisoma ripoti yake mbele ya wananchi. Hakuna Mzungu aliyetusaidia siku ile. Kazi ilifanywa na wabunge wetu na magazeti yetu.

Halafu tukarudi nyuma. Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), alisema kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na mwaka huo haujaisha akawa ameondolewa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulivunja Katiba. Wengi tulikuwa tumeshahamia kwenye habari nyingine. Kila Aprili ripoti ya CAG inawekwa mezani Dodoma, inatikisa mitandao kwa wiki moja, kisha tunaingoja ya mwakani.

Nirudi kwenye boma letu, maana ndilo lililoanzisha haya. Sisi wa ughaibuni tulichangishana hela ya saruji na mabati. Picha ya mwisho tuliyotumiwa inaonyesha kuta zimefika kwenye lenta, mbuzi wawili ndani, na rundo la mchanga lililoota majani. Niliomba stakabadhi kwenye kundi. Mwekahazina, ambaye simtaji, hakujibu. Aliyejibu ni mzee mwingine, akaniuliza tangu lini mtoto akamdai mkubwa hesabu, na kama nimekuwa Mzungu. Wengine mkaniandikia pembeni kwamba nina haki, ila pale hadharani hakuna aliyefungua mdomo. Mjomba, hata wewe ulinipigia simu kunituliza.

Hapo ndipo ninapokwazika. Tunamtaka Leveson atuhukumie waziri, na sisi tunashindwa kumuuliza jirani mifuko ya saruji iko wapi kwa kuogopa kukosa adabu. Mkubwa aliyeshika hela ya watu anaheshimiwa kwa kuulizwa, maana asipoulizwa ndipo anaposemwa gizani, kama tunavyomsema mwekahazina wetu sasa. Inawezekana kabisa hajala hata senti. Pengine fundi ndiye aliyekimbia na hela ya awali. Hatujui, kwa sababu karatasi haijawekwa mezani.

Na meza ipo kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe pale, si kunong'onwa kwa mwenyekiti. Kwa hela za Serikali zilizoongezwa na halmashauri, mtendaji wa kijiji anatakiwa awe na mkataba wa fundi, hati za malipo na taarifa ya mkaguzi wa ndani. Kama yupo mtumishi anayejua kitu na anaogopa, tangu mwaka 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Sidanganyi kwamba inamfunika mtu mwili mzima, na sitamlaumu anayeogopa. Mimi niko mbali, siwezi kuhamishiwa wilaya ya mpakani kwa kuuliza swali. Ndiyo maana naomba tuulize wengi kwa pamoja, asipatikane wa kuadhibiwa peke yake.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Mkutano ukiitishwa, nendeni ukoo mzima, na vijana wabebe nakala za miamala yetu yote ya simu, nimezipanga kwa tarehe na nitazituma leo usiku. Mtendaji asome alichopokea, mwekahazina asome alichotumia, na swali liingizwe kwenye muhtasari wa kikao likiwa na jina la aliyeuliza. Wakisema muda umekwisha, ombeni tarehe ya kuendelea, nayo iandikwe. Muhtasari ukishasainiwa mpige picha.

Swali la kwanza aulize Mama Mdogo. Mwenyekiti alifundishwa kusoma na yeye darasa la kwanza, hatathubutu kumwambia aketi.


Mtoto wenu, Reading, Uingereza