Miaka kumi njiani, na mlango ulikuwa wazi

Tarehe 26 Julai 2023 meli ya makontena ilifika bandari ya Aarhus, nchini Denmark, na mwanaume mmoja wa miaka 44 akashuka na sakado yake mgongoni. Anaitwa Torbjørn Pedersen, wengi humwita Thor. Alikuwa ameondoka kwao tarehe 10 Oktoba 2013. Ndani ya siku hizo 3,576 alifika katika kila nchi ya dunia, Kongo ikiwemo, bila kupanda ndege hata mara moja: treni, basi, meli za mizigo, na miguu yake. Bajeti yake ilikuwa kama dola 20 kwa siku. Tena alijiwekea sharti la kutorudi kwao mpaka nchi zote ziishe.

Mtu wa Goma akisikia habari hii anaweza kucheka kidogo. Tangu uwanja wa ndege ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, nani hapa anahitaji sharti la kutopanda ndege? Na dola 20 kwa siku, katika nyumba ya watu wanane, haziitwi bajeti ya kujibana.

Lakini habari yake isitupwe kwa kicheko. Huyu hakwenda kustarehe. Nchini Ghana alipigwa na malaria ya kichwani. Viza za Afrika ya Kati zilimchosha vibaya, Guinea ya Ikweta peke yake ilimla miezi. Mwanzoni mwa 2020 aliingia Hong Kong akitegemea kukaa siku chache, Korona ikafunga njia, akakaa karibu miaka miwili huku nchi tisa tu zikiwa zimebaki. Na safari yote aliipangia miaka minne hivi!

Hapo Hong Kong ndipo penye neno. Angetaka, angekata tiketi ya ndege, akalala, akaamka kwao. Pasipoti ilikuwa mfukoni, na nchi yake ingempokea bila maswali. Kilichomzuia ni ahadi aliyojipa mwenyewe. Taabu yake ilikuwa ya kweli, maana homa haiulizi mtu ana pasipoti ya wapi, ila mlango wa kutokea haukufungwa.

Tofauti yake na watu wa huku iko hapo, wala si katika urefu wa njia. Kutoka Sake mpaka Bulengo ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Lakini mama aliyeutembea akiwa na bidoni, sufuria na mtoto mgongoni hakuchagua siku ya kuondoka, na siku ya kurudi pia hakuichagua. Februari 2025 waliokuwa katika kambi za pembeni mwa Goma, kama Bulengo na Lushagala, walitangaziwa saa 72 za kuondoka. Baadaye ikasemwa kwamba kurudi ni kwa hiari. Wakati huo wengi walikuwa wameshakunja bashi na kupakia mbao juu ya chukudu.

Wapo waliofurahi, na hilo lisemwe. Kambi haina wa kuisifu: kulala juu ya mawe ya volkano, kupanga mstari kwa ajili ya maji, kungojea jeto ambayo haiji. Mtu aliyelilia shamba lake misimu mingi hawezi kulaumiwa kwa kushangilia barabara ya kwenda kwao. Hata hivyo, kurudi kunakohesabiwa kwa saa ya mtu mwingine ni kuhamishwa tena, ijapokuwa njia inaelekea nyumbani.

Pedersen alijua mapema atashuka bandari gani, na watu walimngoja pale. Aliyerudi kijijini alingojewa na nini? Kuta bila mabati. Shamba ambalo jirani amelilima misimu miwili, naye ana sababu zake, kwa sababu njaa ilimkuta palepale alipobaki. Februari ni wakati wa kuandaa maharagwe ya msimu B, lakini mbegu zilikwisha kuliwa kambini zamani. Halafu kuna karatasi. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha Mkongomani, na wengi waliipoteza katika kukimbia. Yule alisumbuka kutafuta viza za nchi za watu. Mkulima wa Masisi anasumbuliwa kwenye kizuizi, akiwa njiani kwenda kwenye shamba la baba yake.

Lingine huzungumzwa kwa sauti ya chini. Msafiri kama yule akirudi anaitwa mahali pengi asimulie, na watu wanakaa kimya kumsikiliza. Mama aliyetoka kambini anasalimiwa vizuri siku ya kwanza, na siku ya tatu anaanza kusikia maneno: ninyi mlikula unga na mafuta ya mashirika, sisi tulibaki na risasi. Aliyebaki ana uchungu wake, aliyeondoka ana wake, na kila mmoja anadhani mwenzake alipata nafuu. Watoto wanasikia, wanabeba hayo mpaka shuleni.

Wakuu wa vijiji na viongozi wa makanisa wasingojee shirika lije na semina. Kazi ya kwanza iwe mashamba: waliobaki na waliorudi waitwe pamoja, wapite mipakani kwa miguu kabla ya jembe kuingia, maana ugomvi wa mita tano ukiachwa mpaka mavuno utaamuliwa kwa panga. Mbegu zikipatikana, wapewe wote wawili, aliyerudi na aliyebaki. Na yule anayeona kwao bado hakulaliki, aachwe akae kwa familia iliyompokea mjini, bila kuitwa mvivu, mpaka siku atakayoitaja mwenyewe.