Opala hadi Kisangani: kila kipande cha njia kina ofisi yake, abiria hana

UCHAMBUZI – Kila kunapozuka mjadala wa usafiri jimboni Tshopo, ahadi inayosikika kwanza ni ya mabasi. Kwa wakaaji wa Opala na wa vitongoji vya ng'ambo ya mto, mabasi peke yake hayatatatua shida. Shida yao inaanzia kwingine: hakuna mamlaka hata moja yenye jukumu la kumfikisha abiria anakokwenda.

Tuangalie safari yenyewe. Kutoka Opala hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, kupitia Yatolema. Barabara hiyo haifiki katikati ya mji. Inaishia Lubunga, komini ya Kisangani iliyo upande wa kushoto wa mto Congo, na hapo hakuna daraja. Abiria anashuka na mizigo yake, anatafuta kivuko au mtumbwi, anavuka, kisha anatafuta pikipiki nyingine ya kumpeleka sokoni, hospitalini au chuoni.

Njia ya pili ni ya maji. Mto Lomami unapita Opala, unateremka hadi Isangi, na hapo unaingia katika mto Congo. Kutoka Isangi, boti inapanda hadi Kisangani. Njia hii haina matope, lakini haina ratiba pia. Boti ya mbao yenye injini huondoka mwenyewe anapoona imejaa, na anayesafiri na mgonjwa husubiri sawa na anayesafiri na mihogo.

Pikipiki si mkosaji

Kisangani ina historia ndefu ya kujitafutia usafiri. Miaka ya vita, petroli ilipokuwa adimu, mji ulibebwa na toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Baadaye zikaja pikipiki kutoka Asia, na leo ndizo zinazofika karibu kila mahali. Vijana wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Bila wao, vijiji vingi vya Opala visingekuwa na usafiri wowote wa injini.

Lakini pikipiki ina mipaka yake. Mama mjamzito aliyeambiwa aende hospitali kubwa hawezi kuvumilia siku nzima ya mashimo akiwa amekaa nyuma ya dereva. Mkulima wa mpunga hawezi kupeleka mavuno yake yote kwa gunia moja moja. Halafu kuna hesabu ya bei. Petroli, vipuri na malipo ya vizuizini vyote vinalipwa na abiria mmoja au wawili. Gari la watu 30 lingezigawa gharama hizo kwa watu 30. Ndiyo maana mtu wa kijijini, mwenye kipato kidogo, hulipa zaidi kwa kila kilomita kuliko mtu wa mjini, na mchele wake hununuliwa kwa bei ya chini kwa sababu mchuuzi anakata gharama ya njia kwanza.

Ofisi nyingi, mwenye safari hakuna

Kwa nini hali haibadiliki? Jibu moja liko katika mgawanyo wa kazi. Barabara za mjini ziko chini ya Office des Voiries et Drainage. Barabara kuu za nje ya mji ziko chini ya Office des Routes. Zile za kuunganisha mashamba na barabara kuu zina taasisi yake, iliyo chini ya maendeleo vijijini. Alama za njia ya maji mitoni ni kazi ya Régie des Voies Fluviales, na SCTP, inayojulikana pia kama ONATRA, ina bandari na usafiri wa mtoni.

Kwa hiyo safari moja ya Opala hadi Makiso inapita mikononi mwa taasisi tatu au nne. Kila moja inaweza kusema imefanya kazi yake, na bado abiria akalala Lubunga kwa sababu kivuko hakikuvuka. Hakuna anayeulizwa kuhusu saa, bei au usalama wa safari nzima.

Majirani wanatoa mafunzo. Tanzania iliunda wakala mmoja, DART, kusimamia mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam kabla ya huduma kuanza mwaka 2016. Foleni na uhaba wa mabasi vimeendelea kulalamikiwa, lakini mlalamikaji anajua aende kwa nani. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, watembea kwa miguu huvuka bila malipo. Huko Lubunga, kuvuka ni gharama nyingine juu ya nauli.

Kinshasa nayo ina funzo. TRANSCO ilianza mwaka 2013 kwa mabasi mapya. Miaka michache baadaye mengi yalikuwa yamesimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Mabasi hayo yalikuwa na lami. Kwenye barabara ya udongo na madaraja ya magogo, yangedumu muda mfupi zaidi.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni kivuko. Saa za kuvuka zijulikane, nauli iandikwe, na kuwe na chombo cha akiba kikuu kinapoharibika. Maboya ya kujiokoa yawe ya lazima, hata kwenye mitumbwi.

Ya pili ni mstari mfupi wa magari upande wa kushoto, kutoka ufukweni Lubunga hadi pale barabara inapopitika mwaka mzima. Pikipiki zibaki na kazi ya kuwaleta watu kutoka vijijini hadi kwenye vituo vyake. Waendeshaji wahusishwe tangu mwanzo, la sivyo wataona wananyang'anywa mkate.

Ya tatu ni boti ya Lomami yenye siku maalum za kuondoka, hata kama ni mara moja kwa wiki. Jimbo linaweza kuingia mkataba na wenye boti waliopo: liwalipe kwa kuondoka siku iliyopangwa, hata chombo kikiwa hakijajaa.

Ya nne ni matengenezo. FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, hupata fedha zake kwenye mafuta na ushuru wa barabara. Kila anayenunua petroli huko Opala, hata ya chupa kando ya njia, ana haki ya kuuliza sehemu yake iko wapi. Kamati za vijiji za kutunza barabara, zikilipwa kwa wakati, huziba shimo kabla halijawa bwawa.

Hatua hizi zote zinahitaji mtu mmoja wa kuulizwa, na serikali ya jimbo ndiyo iliyo karibu zaidi kumteua. Opala imo katika mpango wa taifa wa maendeleo ya wilaya 145, ambao ahadi zake ni pamoja na barabara za vijijini. Wabunge wa jimbo wana nafasi ya kudai kwamba kila kilomita itakayofunguliwa iambatane na huduma ya usafiri.

Mabasi yanaweza kuja baadaye. Dalili ya kwanza kwamba mambo yameanza kubadilika itakuwa ubao ufukweni Lubunga, ulioandikwa saa, nauli, na jina la ofisi ya kupokea malalamiko.