Nafasi ya Chuo Duniani Haijibu Swali Lako

Msimu wa maonesho ya vyuo vikuu ukifika, mawakala wa vyuo vya nje hugawa vipeperushi vyenye maneno yanayofanana: chuo hiki ni miongoni mwa 500 bora duniani, kile kimepanda nafasi 40 kwa mwaka mmoja. Mtahiniwa wa kidato cha nne husoma na kutamani. Mzazi naye, aliye tayari kuuza shamba ili mtoto asome, huamini kwamba namba ile inapima masomo atakayopewa mwanawe. Mimi nasema haipimi hivyo, na kwamba kijana anayechagua chuo cha nje kwa kutegemea namba hiyo anabahatisha miaka yake na fedha za ukoo mzima.

Tazama kwanza namba inavyopatikana. Orodha ya Shanghai, mojawapo ya zile zinazotajwa sana, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong cha China. Waandaaji walitaka kujua vyuo vya kwao viko umbali gani na vyuo vikubwa vya utafiti duniani. Mwanafunzi anayetafuta pa kusomea hakuwamo katika shabaha yao. Katika hesabu yao asilimia 30 ya alama hutokana na Tuzo za Nobel na Medali za Fields walizopata wahitimu na wanazuoni wa chuo. Asilimia 20 hutokana na makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science, na asilimia 20 nyingine hutokana na watafiti ambao kazi zao hunukuliwa sana na wenzao. Alama zilizobaki nazo zinahusu utafiti na tuzo hizohizo. Mhadhiri anayewafundisha vizuri wanafunzi wa mwaka wa kwanza hakipatii chuo chake chochote.

Mfano wa Abdulrazak Gurnah unaonesha jambo hili vizuri. Mzaliwa huyu wa Zanzibar alifundisha fasihi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Katika orodha ya Shanghai tuzo hiyo haihesabiwi katika alama za wanazuoni wa chuo, kwa sababu Nobel zinazohesabiwa hapo ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Sasa mwanafunzi wa HKL, anayependa riwaya na tamthiliya, akichagua chuo kwa orodha hiyo, anapima nguo kwa kibaba.

Wala orodha zenyewe hazipatani. Mwaka 2023 chuo cha London School of Economics, alikosoma Jomo Kenyatta na baadaye Mwai Kibaki, kilikuwa ndani ya 50 za kwanza katika orodha ya QS. Mwaka huohuo orodha ya Shanghai ilikiweka katika kundi la 151 hadi 200. Walimu hawakubadilika wala maktaba haikuhama. Chuo hiki kinafundisha uchumi, siasa na sheria, si fizikia wala biolojia, kwa hiyo mizani ya Shanghai inakipunja. QS nayo ina yake: kwa miaka mingi asilimia 40 ya alama ilitokana na maoni ya wanazuoni walioulizwa vyuo gani ni bora, na hata ilipopunguzwa kufikia 30, bado ndiyo sehemu kubwa kuliko nyingine zote. Chuo chenye jina huendelea kutajwa kwa sababu kina jina. Kwenye ligi ya mpira, Simba na Yanga wanapata pointi kwa mabao yanayoonekana na kila mtu. Hapa anayepanga jedwali ndiye pia anayeamua bao lina thamani gani.

Baadhi ya vyuo vyenyewe vimechoka. Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi kilikataa mwaka 2023 kupeleka takwimu zake kwa waandaaji wa orodha ya Times Higher Education, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Zurich cha Uswisi kikajitoa pia. Hivi vilikuwa na nafasi nzuri, kwa hiyo hatuwezi kusema ni sizitaki mbichi hizi.

Wapo watakaonipinga kwamba orodha zina faida. Ni kweli. Mwaka 2022 Uingereza ilianzisha kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wahitimu wa vyuo vya nje vilivyomo ndani ya 50 za kwanza katika angalau orodha mbili, na hakuna chuo hata kimoja cha Afrika kilichoingia katika orodha ya mwanzo. Kwa hiyo namba hizi zinaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia, hata kama hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zinaweza pia kumsaidia anayekwenda kusomea shahada ya uzamivu, kwa kuwa yeye anafuata utafiti. Lakini wewe utakwenda kusoma shahada ya kwanza, na maswali yako ni mengine.

La kwanza ni utambuzi wa shahada. Kabla ya kulipa hata senti, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama inakitambua chuo na programu unayoitaka. Kwa udaktari, uliza pia masharti ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa sheria, fikiri mara mbili: nchi nyingi za Ulaya na Asia hazifuati mfumo wa sheria tuliourithi kwa Waingereza, na mhitimu anayerudi anakuta uwakili wa hapa unapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wanakosoma sheria za Tanzania. Nafasi ya 60 duniani haimsaidii hapo.

Kisha fedha na lugha. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 hutoza wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata pasipo na ada, mwombaji wa viza huthibitisha kwamba ana zaidi ya euro 11,000 za kujikimu kwa mwaka, na masomo mengi ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Hakuna orodha inayokwambia hayo.

Na kuna karatasi iliyo karibu nawe zaidi kuliko orodha zote hizo, nayo ni fomu ya kuchagua tahasusi. Anayetaka udaktari akachagua HGL kwa kuwafuata marafiki, vyuo vya tiba vya Dodoma na Muhimbili vitamkataa kwa kukosa fizikia, kemia na biolojia, na huko nje nako ataulizwa masomo hayohayo. Fomu hiyo unaijaza mwaka huu, huku kipeperushi cha wakala kikikusubiri miaka miwili zaidi.