Foleni Yenye Haki

Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, iko zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mahali kama hapo kila mama anaijua foleni ya maji. Intaneti nayo ina foleni yake, ndugu msomaji, na inafaa tujue hupangwaje.

Sauti, barua na picha hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Tuseme watu wengi wa kambini wanatumia njia moja iendayo Lilongwe. Akihudumiwa aliyewahi tu, kijana anayepakua filamu huijaza njia, na mama anayezungumza na mumewe aliye mbali husikia maneno yaliyokatika. Wenye cheo wakitangulizwa daima, wanyonge huenda wasifikiwe kamwe.

Mwaka 1985 John Nagle alipendekeza kila mtumaji awe na foleni yake, zote zihudumiwe kwa zamu. Lakini mwenye pipa na mwenye kikombe wakipewa zamu sawa, mwenye pipa huchota zaidi. Ndipo mwaka 1989 Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker walipoeleza njia ya kupima ukubwa wa pakiti badala ya idadi yake.

Kila foleni hupewa uzito, na ukubwa wa pakiti hugawanywa kwa uzito huo. Pakiti ya filamu ya baiti 1,500 yenye uzito 1 hupata 1,500. Ya sauti ya baiti 200 yenye uzito 2 hupata 100. Hesabu hiyo hujumlishwa na ya pakiti iliyotangulia katika foleni ileile, na yenye jumla ndogo hutoka kwanza.

Zahanati ikipewa uzito 3, shule 2 na nyumba 1, njia ya megabiti 6 kwa sekunde hugawanyika 3, 2 na 1. Zahanati ikinyamaza, shule hupata 4 na nyumba 2. Hakuna kinachopotea bure, wala hakuna anayefungiwa mlango.

Hata hivyo, hesabu haiongezi maji kisimani. Na uzito hupangwa na binadamu. Basi anayeupanga hana budi kuwa mwadilifu.