Tusimpokee mgeni kwa manati

Likizo ndefu ya Novemba na Disemba inapoingia, vijana wetu wengi hushika njia ya vichakani, manati mkononi. Shabaha yao ni ndege. Wasilolijua ni kwamba miongoni mwa vijindege wa kahawia wajao pamoja na mvua za vuli, wamo wageni walioondoka Ulaya mwezi wa Agosti, wakapitia Ethiopia, na sasa wanaelekea kusini mwa Afrika.

Mmojawapo ni yule ambaye wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Uzito wake ni gramu kumi na kitu tu, lakini dume lake ni bingwa wa kuiga nyimbo za ndege wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1979 ulionyesha kuwa dume mmoja huiga, kwa wastani, zaidi ya aina 70 za ndege, na kwamba zaidi ya nusu ya aina hizo ni za Afrika. Hujifunza nyimbo hizo angali mchanga, safarini, kisha huenda kuziimba Ulaya.

Hapa ndipo penye aibu. Ndege wa kigeni hupita kwetu mara moja akahifadhi sauti za ndege wetu, ilhali mwanafunzi aliyezaliwa papa hapa hawezi kutaja hata aina kumi.

Wapo watakaodai kuwa kutazama ndege ni anasa ya watalii wenye darubini. La hasha! Kule Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, kazi hii ni elimu. Tangu mwaka wa 1969, katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, ndege hawa huvutwa na taa za hoteli. Watafiti huwanasa kwa nyavu, huwavisha pete nyepesi miguuni, kisha huwaachilia. Kwa njia hiyo safari zao zimejulikana.

Mwanafunzi hahitaji nyavu. Anahitaji daftari, kalamu na subira ya alfajiri. Walimu, kabla ya kufunga shule, waagizeni wanafunzi waandike tarehe, mahali, hali ya mvua na ndege waliowaona. Shule zifunguliwapo Januari, somo la sayansi lianzie hapo.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutaponaje, ikiwa mgeni mwenyewe tunampokea kwa mawe?